Majuto: umtafute uliyemkosea au uyaandike kwenye daftari?

Hili swali linarudi kila siku jamani. Kwa gharama daftari linashinda, kwenye utafiti wa mwanasaikolojia James Pennebaker kule Marekani, ulitoka 1986, watu waliandika mambo mazito waliyopitia dakika 15 tu kwa siku, siku 4 mfululizo. Ila ujue mwanzoni linauma, hata wale walimaliza kuandika wakiwa na huzuni zaidi, nafuu ilikuja miezi ya baadae wakapunguza kwenda kliniki.

Kumpigia mhusika ni kazi. Mi nilikaa na simu karibu saa zima naandika "shikamoo mama mdogo" nafuta, naandika tena, moyo unadunda, maana huna uhakika atakujibu au ndo atakublock kabisa. Lakini kama kosa linarekebishika, mfano hela ya watu hujarudisha, daftari halilipi deni, hapo nenda tu. Na kama kumtafuta ni kumtonesha kidonda ili wewe upumue, mwache kwanza, andika.

Mama mdogo alinijibu, tukaongea mpaka salio likaisha. Kwa bibi nilichelewa, keshatangulia, kwa hiyo yeye namwandikia.