DT 770 Pro: hedifoni ya kushinda nayo kichwani

Anayesikiliza nyimbo mbili tatu ndani ya daladala anaweza kuchagua hedifoni kwa sauti peke yake. Mimi nalipwa kuandika mahojiano. Watafiti wanarekodi watu huko vijijini, wananitumia faili, nami nachapa kila neno. Saa moja ya maongezi inakula saa nne hadi sita za kazi. Hedifoni naivaa asubuhi, naivua jioni. Kwa mtu wa namna hiyo kutoumia ndiko kunakotangulia, sauti inafuata nyuma, na ndiyo maana sasa ninatumia beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 aliyoniletea shemeji kutoka Ujerumani. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme: namba ikiwa kubwa, simu au kompyuta inahitaji nguvu zaidi kuitoa sauti.

Lakini sauti nayo isidharauliwe. Rekodi zangu nyingi zimefanyika chini ya mwembe: jogoo anawika, upepo unapiga maiki, kina mama wanane wanajibu kwa pamoja na mwenye jambo la maana amekipa kinasa mgongo. Besi hapo haina kazi. Kinachotafutwa ni sauti kali za "s" na "sh" zilizoko juu kwenye trebo. "Wangelipa" na "wasingelipa" vinatenganishwa na kijisilabi kimoja. Upepo ukikimeza, ripoti ya mtu inapinduka. DT 770 ina trebo kali, wengine wanalalamika kwamba imezidi, na kweli ukiiwekea taarabu yenye fidla nyingi ukafungulia sana, sikio litawasha. Kwangu mimi ukali huo ndio unaoniingizia hela. Besi yake imenenepeshwa kidogo. Sikuiomba, ila hainisumbui.

Niliyokuwa nayo kabla ya hii, jina naliacha maana wapo wanaoiapia, ilikuwa na sauti iliyotulia zaidi, kila kitu mahali pake. Tatizo vikombe vyake vilikuwa vidogo, vinalala juu ya sikio badala ya kulizunguka, na sponji zake ni za ngozi bandia. Ikifika saa tano, joto la Dar limeshapanda, jasho linachuruzika nyuma ya masikio na mikono ya miwani imekandamizwa kwenye fuvu. Unajikuta umeishusha shingoni, unasikilizia spika za kompyuta, na ule usafi wa sauti ulioulipia haukufai kitu.

Sponji za DT 770 ni za mahameli ya kijivu, duara kubwa, sikio zima linaingia ndani. Uzito ni gramu 270 bila waya, si nyepesi hivyo, ila uzito umetandazwa vizuri. Mwezi wa pili umeme ukikatika na feni ikasimama, utasikia joto tu, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba mahameli hayanati kwenye ngozi. Zikichakaa zinachomolewa kwa mkono, na mpya zinauzwa peke yake.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi: kukaa vizuri ni sehemu ya sauti yenyewe. Hedifoni za kufunika sikio zinategemea sponji izibe pande zote. Mkono wa miwani ukiacha upenyo, besi inavuja na kelele za nje zinaingia. Mtandio ukipita kati ya sponji na sikio, sauti inabadilika vilevile. Sponji laini inajikunja kufuata miwani, ngumu inaisukuma. Halafu kuna nywele, kitu ambacho sijawahi kukiona kikipimwa popote. Ukisuka twende kilioni, mistari inapita palepale ukanda unapokaa, na siku mbili za kwanza kichwa bado kinauma, hata kanga ni nzito. Ukanda wa hii una mto mnene. Nasogeza mbele kidogo, maisha yanaendelea.

Kuziba vizuri kunaamua pia unafungulia kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, yaani wiki nzima ya kazi. Jirani yangu ni fundi mageti. Grenda yake ikianza, hedifoni isiyoziba inakulazimisha uongeze sauti, na hizo desibeli unazipita bila kujua. Zile za Bluetooth zinazozima kelele, kama Sony WH-1000XM4 yenye gramu 254, ni nyepesi zaidi na muungurumo wa jenereta zinaupunguza sana. Kwa safari ningechukua hizo. Kwa kuchapa hapana: Bluetooth inachelewesha sauti kidogo, na mimi nasimamisha na kurudisha rekodi kwa kanyagio la mguu siku nzima.

Ukienda kujaribu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kijana atakuvalisha, atapandisha sauti mpaka mwisho na kukuambia, "Dada, sikia besi hiyo!" Mshukuru, kisha chomeka simu yako uweke rekodi ya mtu anayeongea. Kaa nayo robo saa ukiwa na miwani yako na mtandio wako. Tafuna kitu, maana taya likicheza ndipo unapojua inabana wapi. Atanuna, nunua soda hapohapo mnywe wote.

Waya wa hii haujitenganishi na hedifoni, na una mita 3. Mara kwa mara unaingia kwenye magurudumu ya kiti. Kwenye kompyuta sauti inatosha, kwenye simu inakuwa ya chini kidogo, na simu nyingi mpya hazina hata tundu, utahitaji adapta. Kama simu ndiyo utakayotumia zaidi, chukua ya omu 32: sponji zake ni za ngozi bandia, lakini simu inaimudu, na waya ni mita 1.6.