Ada ya chuo cha filamu ni kiingilio tu, hela yenyewe inaliwa ndani

Mambo vipi wadau, mi mtu wa Mtwara, nimesoma cheti cha filamu mwaka mmoja Dar (chuo naomba nisikitaje) na kila nikirudi nyumbani madogo wananiuliza ada shingapi. Milioni 1 na laki 3. Nikiwajibu naona wanaanza kupiga hesabu kichwani nawaonea huruma, maana mimi na mzee tulipiga hiyohiyo.

Mzee ana mikorosho Tandahimba. Hela yake inaingia minada ikianza, mwezi wa kumi hivi, ikifika wa pili inasuasua, wa nne kukavu kabisa. Sasa ile filamu fupi ya kumalizia chuo inaangukia wa nne na wa tano, na hiyo ndo inakula hela kuliko kitu chochote, na kwenye fomu ya kujiunga ilikuwa na mstari mmoja tu: mwanafunzi atagharamia kazi yake. Mstari mmoja jamani!

Lakini kuliwa kulianza wiki ya kwanza. Wanafundishia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, wanakwambia ina toleo la bure, kweli la bure, ila laptopu yangu ya ramu GB 4 ikiifungua feni inalia kama mashine ya kusaga halafu inazima, nikaingia laki 9 kwenye laptopu ya mtumba. Afu memori. Kamera tuliyoshutia kwa 4K (ule ubora mkubwa wa picha) inakula karibu MB 750 kwa dakika moja, kadi ya GB 64 haifiki hata lisaa limoja na nusu, kwahiyo unanunua kadi, unanunua hadi diski, na ya pili ya kutunzia kopi. Mi hiyo ya pili niliiona anasa mpaka mwenzangu alipodondosha yake kwenye daladala ya Mbagala akapoteza kazi ya wiki nzima, kesho yake nikakopa nikanunua.

Filamu yangu nilishutia Mikindani, kwetu, nikajidanganya nyumbani ni bure. Kamera za chuo zilikuwa 3 wanafunzi 28 na hazivuki Dar, nikakodi ya mtu kwa elfu 50 kwa siku. Waigizaji ni ndugu na majirani, hawadai hela, ila wanakula! Watu 9 mara mbili kwa siku, wali samaki wa mama ntilie, maji, bodaboda za kuwarudisha. Mzee mwenye ngalawa akaniambia mjukuu wangu nikikaa hapa unanipiga picha mchana kutwa mboga ya leo nani ataleta, nikaona ana haki nikamlipa. Mtendaji wa mtaa alitusaidia vizuri tu, yeye hakutaka kitu. Upepo wa bahari ukaharibu sauti siku ya kwanza yote, tukarudia, yani chakula cha watu 9 tena.

Sasa balaa lenyewe. Mwezi wa tano 2024, tumemaliza, niko kwenye basi narudi Dar na kamera ya watu mapajani, kimbunga Hidaya kikaja, barabara ikakatika Somanga. Tumekaa Lindi siku 4. Watu wanawaza watalala wapi, mi nawaza elfu 50 inahesabika kila jua likichomoza. Mwenye kamera nikampigia nikamwambia kaka barabara imekatika, akasema mdogo wangu naona kwenye taarifa ya habari, lakini na mimi kuna mtu alishanilipa harusi ya jumamosi. Tukavutana laki 2 ikashuka laki na ishirini.

Nikijumlisha vyote bila chakula changu na nauli za kila siku (nililala kwa shangazi, asiye na shangazi Dar aongeze kodi) nje ya ada imenitoka zaidi ya milioni 2. Walimu wazuri, sikatai, sauti na taa nimeelewa vitu ambavyo YouTube nilikuwa napita tu, nawapa nyota 4. Fomu naipa 1. Ukienda kuuliza usiulize ada, mtafute aliyemaliza mwaka jana umuulize filamu yake ya mwisho ilimtoka shingapi, na ilikuwa mwezi gani.

Mwenye kamera bado namwomba muda, imebaki elfu 40, nimemwambia asubiri mnada wa kwanza.