Ufikivu au wepesi: mbunifu wa Lamu abobee wapi?
Mbunifu wa tovuti aliyeko Lamu ana njia mbili za kubobea: ufikivu kwa watu wenye ulemavu, au kurasa nyepesi zisizokula umeme na bando. Ya kwanza ina soko, hasa kwa wateja wa Ulaya. Sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, una vipimo vya kushikika: maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na usuli (rangi iliyo nyuma yake) kwa uwiano wa angalau 4.5:1. Mteja hana pa kubishia. Ya pili huuzwa kwa maelezo tu, mwenye nyumba ya wageni Shela atalia tovuti ni nzito, kisha aombe video (daima video!). Ningeanza na ufikivu, wepesi niuingize humohumo: maelezo ya picha (maandishi yanayosimama badala yake) humfaa kipofu, humfaa pia mwenye mtandao dhaifu.