Tenti la kukunja la mita 3 kwa 3 kwenye upepo wa Dodoma: uzoefu wangu

Kiungo kilichopasuka kiko hapa mezani ninapoandika. Ni kipande cha plastiki nyeusi kisichozidi kiganja, kile kinachokaa kichwani mwa mguu na kushika pau mbili za mkasi, yaani zile fito za fremu zinazopishana kama mkasi tenti likikunjwa. Kimepasuka pale bolti inapopita, na ukikikwaruza kwa ukucha kinatoa unga mweupe. Plastiki iliyoungua na jua ndivyo inavyokuwa. Kiangazi kimoja tu, tena hakijaisha.

Nilipokirudisha dukani kijana hakukishika hata kidogo. Alikitazama akiwa amekaa, akasema: "Kaka, hilo ni la kivuli, si la upepo. Halafu hukulifunga vizuri." Hili duka liko Dodoma! Siku ya kununua nilimuuliza jambo moja tu, kama litahimili upepo, akaupiga mguu kwa ngumi akaniambia, "Chuma tupu hiki, kaka." Mguu ni chuma kweli. Kuhusu kiungo alinyamaza.

Kwa hiyo nawaeleza wanaotaka kununua tenti la biashara, la wakala au la kupeleka mnadani Msalato, mambo ambayo muuzaji hatakwambia.

Huku kwetu upepo wa kiangazi, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba, si wa dakika mbili. Unavuma mchana kutwa kutoka mashariki na kusini-mashariki, na uwanja uko wazi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao kwetu ni wa kawaida tu, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Paa la mita 3 kwa 3 lina mita 9 za mraba, kwa hiyo likikamatwa lote unapambana na kilo zaidi ya 50 zinazotaka kulinyanyua. Na mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana tenti lililosimama vizuri asubuhi linaondoka saa nane mchana.

Watu wengi wanafikiri kazi ni kuweka uzito miguuni basi. Uzito ni lazima, angalau kilo 20 kila mguu. Dumu la maji la lita 20 linafikia hapo, ila mchanga mkavu kwenye chombo hicho hicho unapita kilo 30. Kizuri kuliko vyote ni ndoo ndogo ya lita 10 iliyojazwa zege, na kitanzi cha nondo kimezamishwa katikati kabla halijakauka. Inafika kama kilo 24, haimwagiki, haipasuki. Viroba vya sandarusi vinaoza kwa jua, utakuta mchanga uko chini na tenti liko kwa jirani.

Lakini uzito wa chini unazuia tenti kuruka, hauzuii kuyumba. Na kuyumba ndiko kunakoua. Miguu imetulia, kichwa kinakwenda na kurudi, na kila kikienda bolti inasaga tundu la plastiki. Tundu linakuwa yai, bolti inalegea, kuyumba kunazidi, ufa unaanza. Kiungo changu hakikuvunjwa na dhoruba. Kililiwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, siku ya mwisho ikawa ya upepo wa kawaida.

Dawa yake ni kamba nne zinazotoka kichwani mwa miguu, chini kidogo ya kiungo, zikashuka kwa mshazari. Kama kichwa cha mguu kiko mita 2 juu, kigingi kiwe mita 2 kutoka kwenye mguu. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na mfuko vitupe. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali, vinapinda kwenye nyundo ya tatu. Kata nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 60, pinda ncha iwe ndoano, uigongee ikiwa imelala kuelekea nje, mbali na tenti. Penye mchanga mtupu zika kiroba kilichojaa, ufunge kamba humo. Kamba ya nailoni inavutika, ikaze tena baada ya saa moja.

Hapa nikubali nusu ya maneno ya yule kijana. Kamba zangu zilikuwa zimefungwa kwenye vitanzi vilivyoshonwa kwenye kitambaa, hazikufungwa kwenye chuma. Zilikuwa zinavuta turubai huku fremu inacheza peke yake. Sawa. Lakini vitanzi hivyo vimewekwa na nani? Vimewekwa na kiwanda, na karatasi ya maelekezo ina mchoro wa kamba zikiwa zimefungwa hapo hapo! Nimefuata mchoro wao, halafu naambiwa sijui kufunga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa.

Kuhusu kuta za pembeni: ukifunga ukuta wa nyuma ukaacha mbele wazi, na upepo unatoka mbele, umetengeneza mfuko. Ama geuza tenti mgongo uelekee mashariki, ama toa kuta zote. Upepo ukizidi, shusha miguu tundu moja. Na kisulisuli kikija, kile cha vumbi kinachozunguka, usishike miguu ya tenti kwa mikono. Kinanyanyua kutoka ndani, na mtu anabaki ananing'inia. Kaa mbali, fremu itatengenezwa.

Dukani, mwambie akunjue tenti lote, usikubali la kwenye boksi. Shika kichwa cha mguu mmoja usukume mbele na nyuma. Kikicheza likiwa jipya, ondoka. Binya mguu katikati kwa vidole kwa nguvu zako zote. Bati likibonyea hata kidogo ni jembamba mno. Tazama viungo: vya chuma au vya aluminiamu ndivyo, vya plastiki viwe vinene na viwe na mbavu kwa ndani. Tazama pembe za paa kama zimeshonwa mara mbili na kuna kitambaa cha ziada, kwa sababu pale ndipo ncha ya mguu inapotoboa. Tundu la kutolea upepo kileleni ni jambo jema, usilidharau.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini turubai lenyewe ni zuri, lazima niseme ukweli: halijapauka, halijachanika, mishono yote iko palepale. Na fundi wa kuchomelea amenitengenezea viungo vinne vya pleti ya milimita 3, na washa (kile kibati cha duara chenye tundu) kila upande na nati zile zenye pete ya nailoni ndani zisizolegea. Usizikaze sana, pau lazima zizunguke ndipo tenti likunjike. Sasa limesimama kwenye upepo uleule, kichwa hakitikisiki, na wateja wanakaa chini yake bila kutazama juu. Kwa hali hii ningelipatia nyota nne. Linazidi hata matenti ghali niliyoyaona viwanja vya Nanenane Nzuguni.

Hapana. Nyota mbili. Tenti lililosimama ni la fundi, si lao. Ila pau bado ni zao, na ni nyembamba. Kwa kuwa kiungo sasa hakivunjiki, kitakachopinda kesho ni pau, pale palipotobolewa katikati. Nimeshaanza kuiona moja imeinama kidogo upande wa mashariki. Nilimpigia yule kijana nikamuuliza kama anauza pau peke yake. Akasema hawauzi vipuri, ninunue tenti jingine, akakata simu.