Kliniki ya wajawazito Moshi: majibu yanayosomwa kwa pamoja

Nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, katika kituo kimoja cha afya mjini Moshi, na kilichonivutia zaidi ni jinsi muuguzi alivyosoma majibu ya malaria, VVU, kaswende na wingi wa damu kwa pamoja, badala ya kuyachukulia kama mambo yasiyohusiana. Alitueleza kwamba vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, na kwamba mama mwenye VVU hupoteza sehemu ya kinga aliyoijenga dhidi ya malaria katika mimba zilizotangulia, hivyo hata kingamwili zinazomfikia mtoto kabla hajazaliwa huweza kupungua. Majibu haya huamua pia dawa: mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi, hapewi SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, kwa kuwa dawa zote mbili zina salfa na kuzichanganya ni hatari. Maelezo hayo, ambayo kila mjamzito anastahili kuyapata, yalitolewa bila haraka, kadi ikiwa wazi mezani.

Foleni ya maabara, hata hivyo, ni ndefu mno na mabenchi ni machache. Wajawazito wa miezi ya mwisho walisimama. Hilo lirekebishwe upesi. Chandarua chenye dawa mdogo wangu alikabidhiwa siku hiyo hiyo.