Kigari cha kutembelea chenye kiti na breki: uzoefu wangu

Tangu magoti yangu yaliposhindwa kunifikisha mbali, ninatembea kwa kigari cha magurudumu manne chenye breki za mkono, kikapu na kiti, na ninaandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu wanaosita kukitumia kwa kuhofia kuonekana wamekwisha. Kabla yake nilikuwa na mkongojo. Mkongojo unamfaa sana mtu anayeyumba kidogo upande mmoja, lakini hauna mahali pa kukaa unapochoka, na uchovu ndio ulionifunga nyumbani hata kuliko maumivu yenyewe. Kila nilipotaka kutoka nilijiuliza kwanza kama njiani nitapata pa kupumzika, na nilipokosa jibu nilibaki ndani. Sasa kiti ninakwenda nacho, kwa hiyo ninaamua mwenyewe niende wapi na nirudi saa ngapi, bila kumsumbua mwanangu aache kazi zake anisindikize.

Kukaa juu yake kuna utaratibu wake, na ninasisitiza ujifunze kabla ya kutoka nje. Ukivuta vishikio vya breki kuelekea juu, kigari kinapunguza mwendo. Ukivisukuma chini mpaka vibane, magurudumu ya nyuma yanafungwa kabisa. Mtaalamu wa fiziotherapia alinirudisha kwenye zoezi hilo hilo hadi likawa mazoea: funga breki zote mbili, geuka taratibu, rudi nyuma mpaka miguu iguse ukingo wa kiti, shika mipini, ndipo ushuke. Breki moja ikisahaulika, kigari huzunguka na kukuacha chini. Usikubali pia mtu akusukume ukiwa umekaa, hata kama anafanya hivyo kwa mapenzi, kwa sababu kiti hiki ni cha kupumzikia tu na chombo chenyewe hakikuundwa kubebea mtu kama kiti cha magurudumu.

Urefu wa mipini ndio uliohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kigari kililetwa mipini ikiwa juu mno, nami nikawa natembea mabega yamepanda na jioni shingo inaniuma. Kipimo ni rahisi: vaa viatu unavyotembelea, simama wima, acha mikono ining'inie, na mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo tu. Baada ya mipini kushushwa, maumivu ya shingo yalipungua na hatua zangu zikawa ndefu zaidi. Tembea ukiwa karibu na magurudumu ya nyuma. Anayekisukuma mbali mbele yake hujikuta ameinama, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Nilifurahi kujua kwamba chombo cha namna hii kilibuniwa mwaka 1978 na Aina Wifalk, mwanamke wa Uswidi ambaye mwenyewe aliishi na athari za polio. Labda ndiyo maana kinamheshimu mtumiaji.

Kasoro zipo. Changu ni cha alumini, kina uzito wa kilo 7 hivi, na ingawa kinakunjika, kukiinua peke yangu hadi ndani ya gari kunanishinda. Magurudumu yake yana kipenyo cha sentimita 15, ambayo kwenye sakafu na lami ni laini kabisa, lakini kwenye kokoto na mchanga yanakwama, na kila penye ukingo ni lazima nisimame, nibonyeze mipini chini ili yale ya mbele yanyanyuke, kisha nipandishe ya nyuma. Waya za breki nazo hulegea kwa matumizi. Ninazijaribu kila asubuhi kwa kufunga breki na kukisukuma, na kikisogea ninaomba zikazwe kabla ya kutoka. Mizigo yote ninaiweka ndani ya kikapu, maana mfuko ulioning'inizwa kwenye mpini unavuta upande mmoja.

Si kila mzee anafaa kukitumia. Anayehitaji kuegemea kwa uzito wake wote, au asiye na nguvu ya vidole ya kubana breki, atakuwa salama zaidi na fremu isiyo na magurudumu, kwa sababu kigari kama changu huteleza mbele kinapoegemewa sana. Nyumba yenye ngazi nayo inahitaji mpango mwingine, kwani ngazi hazipandwi na chombo hiki.

Ningekuwa nanunua leo, ningechukua chenye magurudumu ya sentimita 20, ningekaa juu ya kiti chake nione kama nyayo zinagusa sakafu sawasawa, na ningebana breki kwa mkono wangu dhaifu kabla ya kukubali kulipa.