Kituo cha eksirei Kampala: wazuri kwa kifundo, wazembe kwa wayo

Shemeji yangu alianguka na bodaboda, mguu ukajipinda chini ya pikipiki, nikampeleka katika kituo binafsi cha picha za mionzi katikati ya Kampala. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa ninayo malalamiko.

Kwa upande wa kifundo, sijaona huduma makini kuliko ile. Kabla ya kuwasha mashine, mhudumu alibonyeza vinundu viwili vya kifundo, cha ndani na cha nje, kwenye ncha na ukingo wa nyuma, kisha akamwomba mgonjwa ajaribu kutembea hatua nne. Hivyo ndivyo zinavyoagiza kanuni za Ottawa, zilizobuniwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1992 ili watu wasiohitaji picha wasipigwe. Alipiga mikao mitatu: wa mbele, wa ubavuni, na wa mguu ukiwa umegeuzwa ndani nyuzi 15 hadi 20, ambao huonyesha kama nafasi iliyozunguka mfupa wa talasi, ule ulio ndani ya kifundo chini ya muundi, ni sawa pande zote; ikipanuka upande mmoja, huenda kano zimekatika hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Alipapasa pia mfupa mwembamba wa muundi mpaka karibu na goti, maana kifundo kikipinda kwa nguvu unaweza kuvunjika huko juu.

Wayo haukupata uangalifu huo. Shemeji alikuwa na maumivu katikati ya wayo na damu iliyovilia chini ya unyayo, dalili inayopaswa kumfanya mtu ashuku jeraha la Lisfranc, yaani kuumia kwa viungo na kano za katikati ya wayo, lakini alipigwa picha akiwa amelala tu. Katika hali hiyo mifupa iliyoachana huweza kurudi mahali pake na picha ikaonekana safi. Nilipoomba picha ya kusimama, ya miguu yote miwili kwa kulinganisha, niliambiwa haimo kwenye fomu ya daktari. Ripoti ilikuwa mstari mmoja: hakuna mvunjiko. Picha zilitolewa kwenye diski, na kompyuta ya daktari wetu haina pa kuiingizia.

Daktari wa mifupa aliagiza picha ya kusimama kwingineko, na pengo kati ya mfupa wa kwanza na wa pili wa wayo likaonekana wazi. Tukalipa mara mbili.

Kwa kifundo, nitarudi pale bila wasiwasi. Kwa wayo, daktari aandike kabisa kwenye fomu kwamba anataka picha ya kusimama, au CT, picha ya mionzi ya vipande vya ndani kwa kompyuta, ikiwa maumivu hayamruhusu mgonjwa kukanyaga.